Nyongeza ya Mshahara na Miguu ya Kuku

Siku kiwanda cha magodoro kilipotangaza nyongeza ya mshahara, Apolonia alipiga vigelegele kuliko hata waliopandishiwa. Aliinua kijiko chake cha kukaangia juu kama mkimbiza Mwenge, mafuta yakamchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko, wala hakujali. Watu wa zamu ya mchana walikuwa wanamiminika barabarani Chamazi, jasho limewakaukia, wanapiga miluzi, wanashikana mabega, mwanaume mzima na ndevu zake anacheza singeli pasipo muziki.

"Mama Vai, mwezi huu utatukoma!" alipaza sauti Mwinjuma. Huyu alikuwa mpakiaji wa magodoro, mwembamba kama fito, mwili mzima nyama ilikuwa mdomoni tu. "Tulikuwa tunakula miguu miwili miwili, tunadonoa kama wagonjwa. Sasa mtu mmoja miguu kumi! Kuku watano watembelee magoti kwa ajili yangu!"

"Kumi utaimaliza wewe?"

"Naimaliza na kucha zake!"

Wakacheka, wakamtaka mama aongeze ndoo ya miguu, akaahidi kuongeza ndoo. Ilikuwa jioni nzuri sana, na yote yaliyosemwa jioni ile yalikuwa uongo, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya.

Apolonia alikuwa anakaanga miguu ya kuku. Na vichwa, na utumbo, lakini mtaa ulimjua kwa miguu. Alikuja Dar akitokea Muleba kama mke wa karani. Karani akafa, akamwachia binti mmoja, Vaileth, na karai moja. Binti ameshaolewa Tegeta, karai limebaki. Miguu yake aliichuna ile ngozi ya njano, akakata kucha, akailaza kwenye ndimu na tangawizi, kisha akaikaanga mpaka ikawa inalia mdomoni. Pilipili yake ilimtoa mtu machozi ya dhambi ambazo bado hajazifanya. Naye aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba watu wanamjia kwa ajili ya ladha.

Karai lilikaa kwenye kibaraza cha duka la Mzee Muhdhar, muuza kuku. Na hapa tukumbushane kidogo, maana nchi hii watu wake wana kipaji cha kusahau. Enzi za marehemu baba yake Muhdhar, ile miaka ya uhaba, ya unga wa njano na sabuni ya kukatiwa kipande, miguu ya kuku haikuwa na bei. Yule mzee aliitupa nyuma ya duka, paka wa mtaa wakanenepa mpaka wakashindwa kuruka ukuta. Kisha njaa ya watu ikakutana na njaa ya paka pale nyuma ya duka, na watu wakashinda. Sasa mwenye duka alipoona binadamu anagombania kitu na paka, hakusema "maskini." Alisema "shilingi ngapi?" Hivyo ndivyo bei inavyozaliwa, msidanganywe na wale wenye tai kwenye televisheni.

Mwanawe, huyu Muhdhar wa sasa, hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mzuri pia, alikuwa mfanyabiashara. Mapaja na vidari vilikwenda kwenye mahoteli ya mjini, miguu ikabaki Chamazi na watu wa Chamazi. Mapatano yake na Apolonia yalikuwa ya mdomo, na hayakuwa magumu: kibaraza hakilipiwi kodi, ila kila siku inayokuja mama achukue ndoo nzima ya miguu na kuilipia. Siku atakayoshindwa kuimaliza ndoo, kibaraza si chake.

"Friza yangu si makaburi, Mama Vaileth," Muhdhar alimwambiaga. "Kuku anaingia, kuku anatoka. Miguu ikilala humu ndani inakula umeme wangu, na umeme wangu hauna huruma."

Apolonia hakuwahi kushindwa. Lakini ng'ambo ya barabara alikuwepo Benson, muuza chipsi, kijana wa Moshi mwenye kabati la vioo na meza za plastiki zilizoanza kubanana. Benson alikuwa na desturi ya kuvuka barabara kila Jumapili, akisalimia vizuri, "Shikamoo mama," huku anakipima kibaraza kwa hatua za miguu yake. Alisalimia hivyo hivyo kama mtu anayemsalimia mgonjwa anayechelewa kufa.

*

Mshahara mpya ulipotoka, Apolonia alichukua ndoo mbili.

Saa za kutoka zamu zikafika. Karai linachemka, kachumbari imekatwa, miguu imepangwa kwenye sinia kama jeshi la gwaride. Watu wakatoka kiwandani, wakaja kwa kelele zile zile, wakafika usawa wa kibaraza, na wote, kana kwamba barabara imeinamishwa upande mmoja, wakamwagikia ng'ambo. Kwa Benson.

Aliwaona. Wale wale. Yule aliyekuwa anaomba nyongeza ya pilipili, yule anayepeleka kichwa kimoja kwa mama yake, yule aliyemwitaga "mama mkwe." Wamesimama mbele ya kabati la vioo wanaonyesha kwa kidole: ile, sio hiyo, ile yenye ngozi. Mwisho akatokea Mwinjuma, amebeba foili yenye moto, anaibadilisha mkono huu na mkono huu.

"Mwinjuma!" Apolonia akaita. "Si ulisema miguu kumi?"

Mwinjuma akasogea. Angalau aliona aibu, hilo tumpe. Akafunua foili kidogo, mvuke ukatoka, ndani chipsi na robo kuku.

"Mama Vai, usinielewe vibaya. Kuku anaanzia chini. Miguu. Ukiongezewa kidogo unapanda, unafika kwenye paja. Mungu akijalia, mwakani kidari."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo mlikuwa mnanikanyaga mie kama ngazi?"

"Si wewe mama, kuku!" Akakuna kichwa. "Ukweli nikwambie? Mie miguu sijawahi kuipenda. Nilikuwaga siwezi kitu kingine."

Akaondoka na paja lake.

Apolonia alikaa chini. Si maneno yenyewe yaliyomuuma. Ni kule kusemwa bila ubaya, kama mtu anayekuambia saa ngapi. Katika barabara nzima ya Chamazi, kila mtu amepata nafuu, na nafuu ya kila mtu ndiyo msiba wake yeye. Aende akashtaki wapi? Amwambie padre kanisani amwombee, ee Bwana, uwarudishe watu katika shida zao ili miguu itoke?

Ndoo moja ililala. Akailipia kwa akiba, akainyamazia. Kesho yake ikalala nusu, akailipia tena.

*

Siku iliyofuata akafanya lile ambalo kila muuzaji angelifanya: akashusha bei. Mguu ulikuwa mia mbili. Akachukua ubao wa boksi, akaandika kwa mkaa, MGUU MIA, akauegemeza kwenye jiko. Hata Benson hawezi kuuza kitu kwa mia, alijisemea. Hata mate ya Benson ni zaidi ya mia.

Asubuhi mtaa ulisoma. Mchana mtaa ulifikiri. Kufikia alasiri mtaa ulikuwa na majibu.

Aliyemletea habari ni Najat, fundi cherehani wa fremu ya jirani, mwanamke mwenye sindano mdomoni na moyo usioweza kuhifadhi neno hata kwa saa moja.

"Mama Vai, dada yangu, usinitaje. Wanasema vibudu."

"Vibudu gani?"

"Kuku. Wanasema wamekufa wenyewe, hawakuchinjwa. Kideri kimepita huko Kimbiji, mabanda mazima yamelala, Ami Muhdhar kawazoa kwa bei ya bure, mapaja kayapeleka mjini, miguu kakupa wewe. Ndio maana mia."

"Yesu na Maria! Nani kasema?"

"Kila mtu. Wanasema tena eti wewe si Mwislamu, utajulia wapi kuku kachinjwa au kazimia? Mtu kwao anakula senene, panzi wale."

"Senene na kuku wapi na wapi?"

"Mie nakuletea tu, siipimi."

Hapo ndipo mtu wa vitabu angekuna kichwa. Bei imeshuka, wateja wamepungua! Lakini watu wa Chamazi hawakuwa wajinga. Maisha yao yote hakuna mtu aliyewahi kuwapunguzia kitu kwa kuwapenda. Nyanya ikishuka bei imeoza, dawa ikishuka imeisha muda, shati likishuka lina tundu kwapani. Mwanasiasa akishusha kitu, subiri uchaguzi upite uone kinavyopaa. Watu waliolelewa hivyo, ukiwaonyesha mguu wa mia, hawaoni nafuu. Wanauliza huyu kuku alikufa saa ngapi.

Habari ilimfikia Muhdhar msikitini, mahali pabaya kuliko pote. Alitoka sala ya alasiri akiwa amevaa kanzu na hasira, nyuma yake kundi la watu lililokuwa na haraka ya kwenda nyumbani mpaka liliposikia kuna ugomvi.

"Mama Vaileth! Nani kakupa idhini ya kushusha bei?"

"Shikamoo Ami."

"Marahaba! Nani?"

"Bei ya miguu yangu, Ami, napanga mwenyewe."

"Miguu ya kuku wangu!" Muhdhar akajipiga kifua. "Babu yangu kachinja, baba yangu kachinja, mie nachinja kwa mkono wangu, kibla mbele, bismillahi mdomoni. Leo natoka kumsujudia Mola naulizwa habari ya kibudu! Mahoteli yakisikia nani atanunua paja? Utang'oa karai lako leo hii!"

Benson, ng'ambo, aliacha kugeuza chipsi. Meza zake zilionekana kama zinasogea zenyewe.

Apolonia aliona kibaraza kinamtoka. Bila kibaraza hakuna karai, bila karai ni kwenda Tegeta kukaa sebuleni kwa mkwe, kuomba chakula na kuangalia tamthilia ambazo hakuzichagua. Hofu ile ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Ami," akasema, na sasa alisema kwa kundi zima, "kama wamechinjwa, kula."

"Nini?"

"Kula mguu. Hapa, mbele yao. Mie wakiniona nakula watasema mla senene huyo, anakula chochote. Wewe ukila, mtu gani atasema kibudu?"

Kundi likasogea karibu. Maana kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyewahi kulisema: Muhdhar, mtu aliyeuza miguu ya kuku maisha yake yote, hajawahi kuitia mdomoni. Ilikuwa ya watu wale. Watu wa ndoo.

"Mie... nimefunga," Muhdhar akasema.

"Umefunga nini na umekula pilau langu mchana?" Sauti ilitoka ndani ya duka. Ilikuwa ya Bi Zubeida, mkewe, mwanamke ambaye hakuonekana mara kwa mara lakini alisikika vizuri. "Kula, Baba Khalil! Wanaume wazima wanakutazama!"

Ikaletwa stuli. Apolonia akachagua mguu, akaukamulia ndimu, akauweka kwenye sahani na pilipili pembeni. Muhdhar akaushika kwa vidole viwili, kama mtu anayepeana mkono na mtu wa mapato. Akausomea bismillahi ndefu kuliko ilivyo lazima. Akaung'ata.

"Hapana, Ami! Unaanzia kwenye vidole!" Mwinjuma akafundisha, mwalimu mkuu wa miguu, foili yake mkononi.

"Halafu mfupa napeleka wapi?"

"Unatema!"

"Wapi?"

"Chini, Ami, chini! Sisi tunatemaga wapi?"

Muhdhar akatema mfupa kwenye kibaraza chake mwenyewe, kile anachokifagilisha asubuhi na jioni. Watu wakashangilia kana kwamba ni bao la dakika za mwisho. Akang'ata tena. Akachovya kwenye pilipili bila kuelekezwa. Macho yakamjaa maji, pua ikaanza kutoka, akaomba mwingine, akaomba ndimu, akasahau kanzu, akasahau watu, mpaka Zubeida akapaza sauti kutoka ndani: "Umeshathibitisha, baba! Acha wengine!"

Mtaa ulicheka mpaka magharibi. Habari ya kibudu ilikufa pale pale, na hiyo yenyewe haikuhitaji kuchinjwa.

Kisha watu wakafuta machozi ya kicheko, wakavuka barabara, wakanunua chipsi.

*

Ushahidi ulipatikana; wateja hawakupatikana. Apolonia alirudisha bei ya mia mbili, akachoma ule ubao. Haikusaidia. Watu hawakuwa na shaka tena na miguu yake, walikuwa tu na hela ya kutokula miguu. Muhdhar, ambaye sasa alimwonea soni kidogo kwa sababu kila jioni alikuwa anaagiza sahani yenye ndimu nyingi ipelekwe ndani, alimpa muda hadi mwisho wa mwezi unaofuata.

"Zaidi ya hapo, Mama Vaileth, siwezi. Benson atalipa kodi. Kodi ya kweli."

Na kweli angeondoka, kama si wenye nyumba.

Wenye nyumba wa Dar wana masikio ambayo Mungu hakuwapa popo. Nyongeza ilikuwa haijatimiza miezi miwili wakaanza kupita mlango kwa mlango, mmoja na kofia, mwingine na rozari, wote na sura ya huruma: hali ngumu, saruji imepanda, tuongezeane kidogo. Mwenye duka la sembe naye akasikia kwamba watu wana hela, akapandisha sembe. Mkaa ukasikia. Nauli ikasikia. Benson naye, tusimsingizie ubaya, alikuwa na wateja wengi kuliko mapaja. Muhdhar akampandishia paja, mafuta yakapanda, naye akapandisha sahani. Redioni mtaalamu akasema uchumi wa kaya unaimarika. Kaya ya nani hakusema.

Hesabu ya yote hayo ilikuwa fupi. Nyongeza ilitoka kwenye mfuko wa tajiri wa magodoro, ikaingia kwenye mifuko ya wenye nyumba na wenye maduka, na Mwinjuma katikati alikuwa bomba tu. Maji yalipita, yeye akabaki na unyevu.

Apolonia aliwatazama wakishuka. Kwa kweli aliwatazama, kijiko mkononi, kama mtu anayeangalia watu wakiteremka mnazi. Wiki hii paja limeachwa, wananunua chipsi mayai, ile wanayoiita zege. Wiki ijayo yai limetoka, chipsi kavu. Kisha chipsi kavu sahani moja watu wawili. Kisha wakaanza kugeuza shingo, wakitazama ng'ambo ya barabara, na haraka wanaangalia simu zao.

Wa kwanza kuvuka alikuwa Mwinjuma. Tumbo lina haya kidogo kuliko mdomo.

"Mama Vai, shikamoo."

"Marahaba. Umepotea njia? Kidari kiko upande ule."

"Aa mama, tusitaniane. Nipe minne." Akaweka mia nne juu ya meza.

"Hiyo ya miwili."

"Si ulikuwaga unauza mia?"

"Nilipouza mia ulisema kibudu."

"Mie? Mie sikusema! Nilisikia tu nikapeleka mbele!"

Akachukua miwili. Akakaa kwenye ukingo wa kibaraza, akaanzia vidoleni, na Apolonia akamwona anafumba macho. Labda mtu huyu anaipenda kweli ila hajui, alifikiri. Au labda njaa na mapenzi zina sura moja ukizitazama kwa pembeni. Moyo ulimruka kwa furaha, kibaraza kimepona! Halafu akaona nyuma ya Mwinjuma wanakuja wengine, vichwa chini, wale wale walioshikana mabega wakiimba, na furaha ikamkwama kama mfupa. Furaha gani hii, inayongoja watu waumie? Akawaongezea kachumbari wote, na akajikasirikia kwa kuona kachumbari inatosha kuwapa pole.

*

Ndoo ikawa inaisha kabla ya magharibi. Mbili zikawa zinaisha. Na Mzee Muhdhar, aliyekuwa anahesabu migongo ya watu kupitia dirishani, akatoka.

"Mama Vaileth, ndoo imepanda."

"Imepanda kiasi gani, Ami?"

Akamwambia. Ilikuwa karibu mara mbili.

"Na kibaraza nacho kitakuwa na kodi kidogo. Soko hilo, mama. Watu wanataka miguu."

"Hawaitaki, Ami. Wameishiwa pengine."

"Kwangu ni kitu kimoja." Akashusha sauti. "Tena wewe pandisha mguu uwe mia nne. Wataenda wapi?"

Apolonia alirudi nyumbani na swali hilo. Wataenda wapi? Miezi michache nyuma naye angedhani hawana pa kwenda. Sasa amewaona. Ukiwapandishia hawagombani, hawaandamani, hawaandiki barua. Wanasogea tu hatua moja, kitu kinachofuata. Baada ya miguu kinafuata nini? Mhogo. Mguu wa mia nne ungewapeleka kwenye mhogo, wote, na yeye angebaki na sinia limejaa na kodi ya kulipa.

Halafu likamjia wazo lililomfanya acheke peke yake jikoni. Mbona yeye mwenyewe ni mteja? Ananunua ndoo kila siku inayokuja. Miaka yote amejiona muuzaji, kumbe kwa Muhdhar yeye ni Mwinjuma. Na Mwinjuma akipandishiwa hufanya nini?

Asubuhi hakwenda dukani. Alikwenda sokoni Rangi Tatu, akanunua mihogo ya Kimbiji kutoka kwa kinamama wanaoishusha kwa viroba, mizito, myeupe, udongo bado unanukia. Akarudi, akalibeba karai kutoka kibarazani mbele ya macho ya Muhdhar, akavuka barabara.

Benson alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, kabati la vioo limejaa mapaja yanayokauka.

"Kijana," Apolonia akamwambia, "wewe una meza hazina watu. Mie nina watu hawana meza."

Benson akatazama meza. Akatazama karai.

"Kodi je, mama?"

"Utawauzia soda. Na acha kunisalimia kama maiti."

"Sawa mama. Shikamoo."

"Hivyo hivyo!"

Jioni ile mhogo ulikaangwa mpaka ukapasuka, ukanyunyiziwa chumvi, ukawekewa ile pilipili yake. Mia mbili kipande, na kipande kinashibisha kuliko mguu. Mguu mwanzo mwisho ni mfupa unaojisifu. Watu walitoka kiwandani, wakafika usawa wa kibaraza, wakakuta pamefagiliwa. Wakatafuta harufu. Wakavuka.

Ng'ambo, friza ya Muhdhar ikaanza kujaa. Alijaribu kuuza miguu mibichi. Nani ana mkaa wa kuichemshia na muda wa kuichuna? Alijaribu kumwambia mkewe aikaange dukani. Majibu ya Bi Zubeida yalisikika mpaka kwa Najat, na Najat akayafikisha mpaka kiwandani: kwamba yeye ni mke, na mkataba wa ndoa haukutaja kucha za kuku. Muhdhar akatafuta mwanamke mwingine wa kukaanga. Akapatikana, akakaanga siku mbili, watu wakaonja, wakasema pilipili yake inauma bila sababu.

Siku moja, jua bado kali, Apolonia alisikia minong'ono ikipita kwenye foleni. Akainua macho. Mzee Muhdhar alikuwa anavuka barabara mwenyewe, kanzu imekunjwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba ndoo iliyojaa miguu, barafu inayeyuka, maji yanadondoka nyuma yake mstari mmoja kutoka dukani mpaka pale.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, Mama Vaileth." Akaiweka ndoo chini kwa kishindo. "Bei ya mwanzo. Na kibaraza rudi, bila kodi."

Apolonia aliitazama ndoo. Ilikuwa miguu mizuri, minene. Angeweza kuichukua. Watu walikuwa wameshaanza kuuliza, maana mhogo nao siku nyingi unachosha. Lakini ndoo nzima, kila siku, watu wawe na hela au wasiwe nazo, hasara iwe yake peke yake? Hiyo alishaibeba.

"Kibaraza mpe mwingine, Ami, mie hapa nimepata meza. Miguu nitachukua, ila nitachukua nitakayoona itatoka. Siku nyingine ndoo, siku nyingine nusu, siku nyingine sitaki kabisa. Na itakayolala, italala kwako."

"Italala kwangu? Na umeme wangu?"

"Ongea nao, Ami. Labda utakuonea huruma."

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Muhdhar akajifuta maji ya barafu mkononi. Akanusa. Mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai, ndimu imekatwa, pilipili iko pale pale. Akaingiza mkono mfukoni.

"Tutazungumza. Kwanza nipe mhogo vipande viwili."

"Ami!" Mwinjuma aligeuka, mia mbili yake mkononi. "Sie tumesimama hapa tangu zamu itoke!"

Muhdhar akamtazama Apolonia. Apolonia akageuza mhogo.

"Kuna watu mbele yako, Ami," akasema kwa adabu zote. "Nikimaliza nao tutazungumza."

Mzee akaiangalia ndoo inayovuja, akaangalia foleni ilivyojikunja mpaka kwenye mtaro, akaiokota ndoo yake na kwenda kusimama nyuma.